KIDONDA KIMEPONA, LAKINI JE, KANSA YA PAFU ITARUDI?



Kila mchimbaji anajua kazi ya kugonga dari. Kabla ya zamu kuingia, kapita anatangulia na mtaimbo wake, anagonga mwamba juu ya vichwa vyetu na kusikiliza. Jiwe likitoa sauti kali na safi, liko imara. Likitoa sauti nzito, kama ngoma iliyolegea, kuna ufa ndani hata kama jicho halioni kitu. Hakuna kapita mwenye akili anayesema: «Dari limenyamaza tangu jana, basi tuingie tu.» Kunyamaza kwa jiwe si usalama wa jiwe.

Safari hii ukurasa wetu unaeleza jambo linalofanana sana na kugonga dari. Ni habari ya mtu aliyepasuliwa kansa ya pafu ikiwa bado changa. Kidonda kimefunga, nguvu zimerudi, anakula vizuri. Anamwuliza munganga: «Nimepona?» Naye munganga anamjibu: «Baba, kidonda kimepona.» Jibu hilo linawaudhi wengi. Wanaona kama munganga anawaficha kitu. Kumbe anasema kweli tupu, na leo tutaona sababu.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Kansa ya pafu haikuja jana kwa watu wa migodi. Mwaka 1879, waganga wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, waliandika habari za wachimbaji wa Schneeberg waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua, wakaonyesha kwamba ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu. Baadaye ilijulikana kwamba kosa kubwa lilikuwa la radoni, hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka katika mawe yenye urani.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa limeiweka radoni katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika tangu mwaka 1988. Vumbi la silika, lile linalotoka katika jiwe la kwatsi tunalotoboa na kusaga tukitafuta dhahabu, liliingia mwaka 1997. Moshi wa mashine za dizeli uliingia mwaka 2012. Juu ya hayo yote kuna tumbaku, ambayo ndiyo mwuaji wa kwanza. Mtu anayevuta sigara na kumeza vumbi la mawe pamoja, amebeba mizigo miwili juu ya kifua kimoja.

Basi si ajabu mmoja wetu, au baba wa rafiki yetu, akikutwa na kansa hiyo. Akikutwa nayo mapema, apewe pongezi, kwa sababu wengi hukutwa wamechelewa. Lakini pongezi hizo zisimfanye alale.

«MAPEMA» MAANA YAKE NINI?

Pafu la kuume lina mapande 3, la kushoto lina mapande 2. Kansa ikiwa changa, uvimbe uko mahali pamoja, haujasafiri mbali. Waganga wanaupima kwa sentimeta. Uvimbe usiozidi sentimeta 3 ambao haujafika kwenye tezi za limfu ni wa daraja la kwanza. Ukizidi sentimeta 4, au ukiwa umegusa tezi zilizo ndani ya pafu lenyewe, mara nyingi unahesabiwa daraja la pili.

Katika madaraja hayo mawili, dawa kubwa ni kisu. Daktari mpasuaji huondoa pande zima lenye uvimbe, pamoja na tezi za karibu ili zipelekwe maabara. Kazi hiyo haifanywi katika kila lopitali, na mara nyingi mgonjwa hutumwa mbali na nyumbani.

Kama uvimbe wote umeondolewa, ni kitu gani tena kinachorudi? Fikiri jiko la makaa usiku. Mama amezima moto, majivu ni meupe, hakuna moshi. Lakini kaa moja dogo kama punje ya haragi limebaki chini ya majivu. Likipata upepo, asubuhi kuna moto. Vivyo hivyo chembe chache za kansa zinaweza kuwa zimekwisha kupita katika damu au katika mishipa ya limfu kabla ya siku ya kisu. Hakuna jicho la mpasuaji linaloziona, wala skana. Zinakaa kimya miezi au miaka, kisha zinakua: ndani ya kifua chenyewe, au katika ubongo, mifupa, ini, au tezi zilizo juu ya figo.

Sehemu kubwa ya marudio hayo huonekana katika miaka 2 au 3 ya kwanza. Baada ya miaka 5 hatari inapungua sana, lakini haifiki sifuri.

WATU WAWILI, KOVU MOJA

Tuseme kuna wanaume wawili katika chumba kimoja cha lopitali. Mmoja ni fundi wa mashine ya kutoboa, mwingine ni dereva wa gari la mgodi. Wote wamepasuliwa wiki moja, wote wana kovu lile lile ubavuni, wote wanatembea vizuri. Ukiwaangalia kwa macho, huwezi kuwatofautisha. Lakini karatasi zao za maabara hazifanani.

Karatasi ya fundi inasema: uvimbe sentimeta 1.8, tezi zote safi, ukingo wa sehemu iliyokatwa ni safi. Karatasi ya dereva inasema: uvimbe sentimeta 4.5, na tezi moja ndani ya pafu ina chembe za kansa.

Hapo ndipo munganga anapogonga dari. Anasoma alama hizi:

1. Ukubwa wa uvimbe. Kila sentimeta inayoongezeka inaongeza hatari.

2. Tezi za limfu. Hii ni alama nzito kuliko nyingi. Tezi ikiwa na kansa, maana yake kansa imekwisha kujua njia ya kutoka. Ndiyo sababu mpasuaji anapaswa kutoa tezi za kutosha: tezi isiyotolewa haiwezi kusema kitu.

3. Ngozi laini inayofunika pafu. Kama uvimbe umeipenya, hatari inapanda hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo.

4. Mishipa. Maabara ikiona chembe za kansa ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu, ni kama kuona nyayo za mwizi njiani.

5. Vijumba vya hewa. Wakati mwingine chembe hutawanyika katika vijumba vya hewa vinavyozunguka uvimbe. Zikionekana huko, na hasa kama mpasuaji alikata kipande kidogo tu, kansa hurudi mara nyingi zaidi.

6. Sura ya chembe. Chembe zinazofanana bado na chembe za pafu huenda polepole. Zile zilizopoteza sura yake ni kali.

7. Ukingo wa kisu. Ukingo ukiwa na kansa, kazi haijaisha. Ukingo safi na mpana ni heri.

Juu ya alama hii ya mwisho kuna mfano mzuri kutoka Japani. Mwaka 2022 zilitolewa habari za wagonjwa 1,106 wenye uvimbe mdogo, usiozidi sentimeta 2. Nusu yao waliondolewa pande zima la pafu, nusu waliondolewa kipande tu cha pande hilo. Kansa ilirudi pale pale kifuani kwa watu 5 hivi katika 100 wa kundi la kwanza, na kwa watu 10 hivi katika 100 wa kundi la pili. Hata hivyo, baada ya miaka 5 waliokatwa kidogo walikuwa hai kwa wingi zaidi: 94 katika 100, na wale wengine 91. Huenda pafu lililobaki liliwasaidia. Basi kurudi kwa kansa si hesabu pekee ambayo munganga anaifanya. Kwa mchimbaji ambaye vumbi limekwisha kula pumzi yake, kila kipande cha pafu kina bei.

HESABU INASEMAJE?

Mwaka 2016 wataalamu wa kansa ya pafu walitoa hesabu iliyokusanywa kwa wagonjwa zaidi ya 90,000 wa nchi 16, wengi wao wa Asia na Ulaya. Katika hesabu hiyo, watu 100 waliopasuliwa wakiwa na hali kama ya fundi wetu, 85 walikuwa hai baada ya miaka 5. Watu 100 wenye hali kama ya dereva wetu, 56 walikuwa hai.

Tusome hesabu hizo kwa akili. Hazisemi kwamba fundi atapona na dereva atakufa. Zinasema tu kwamba katika watu 100 kama fundi, 15 hawakufika mwaka wa tano, wengine kwa kansa na wengine kwa mambo mengine. Na katika watu 100 kama dereva, zaidi ya nusu walifika. Munganga hajui wewe ni nani kati ya hao 100. Anajua tu umesimama katika kundi lipi.

Kuna habari ya kweli inayofundisha jambo hili. Tarehe 5 Aprili 1933, katika mji wa Saint Louis huko Marekani, daktari Evarts Graham alimwondoa mgonjwa pafu zima la kushoto kwa ajili ya kansa, na mgonjwa akaishi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani upasuaji wa namna hiyo kufaulu. Mgonjwa huyo naye alikuwa daktari, James Gilmore, mtu wa miaka 48. Alirudi kazini, akaishi hadi mwaka 1963: miaka karibu 30 kwa pafu moja. Na mpasuaji wake? Graham alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950, yeye na kijana Ernst Wynder walitoa ushahidi mkubwa kwamba sigara inaleta kansa ya pafu. Akaacha kuvuta, lakini alikuwa amechelewa. Mwaka 1957 kansa hiyo hiyo ya pafu ikamwua, na mgonjwa wake akabaki hai miaka 6 zaidi.

Basi hesabu ni ya kundi. Hakuna mtu anayekufa kwa hesabu, na hakuna anayepona kwa hesabu.

SASA KUBASHIRI KUNASAIDIA NINI?

Mtu atauliza: kama munganga hajui kwa hakika, kwa nini anajisumbua? Kwa sababu ile ile inayomfanya kapita agonge dari. Anayejua wapi kuna ufa anaweka magogo pale pale, si kila mahali.

Baada ya upasuaji, wagonjwa wengine hupewa dawa kali za mishipani. Hesabu iliyounganisha majaribio makubwa 5, iliyotolewa mwaka 2008, ilionyesha kwamba dawa hizo ziliokoa watu 5 zaidi katika 100 baada ya miaka 5. Waliofaidika ni wale wa hatari kubwa zaidi, kama dereva wetu. Kwa wenye uvimbe mdogo, kama fundi wetu, dawa hizo hazikuonyesha faida, na huenda zilileta madhara. Unaona basi: dawa ile ile ni msaada kwa mmoja na taabu ya bure kwa mwenzake. Karatasi ya maabara ndiyo inayoamua.

Tena kuna kansa za pafu zenye alama ya pekee ndani ya chembe, inayoitwa EGFR. Kwa wagonjwa wa namna hiyo waliopasuliwa, kidonge cha osimertinib kimesaidia sana: habari za mwaka 2023 zilionyesha watu 88 katika 100 wakiwa hai baada ya miaka 5, na 78 katika wale wasiokitumia. Kidonge hicho ni cha bei kubwa, na hakifai kwa asiye na alama hiyo. Lakini hakuna anayeweza kujua kama alama iko bila kupima kipande kilichotolewa.

Siku hizi wataalamu wanatafuta pia vipande vya kansa katika damu ya mgonjwa baada ya upasuaji. Katika utafiti wa Uingereza unaoitwa TRACERx, damu iliweza kuonyesha kwamba kansa inarudi miezi kadhaa kabla ya skana kuiona. Ni kazi yenye matumaini, lakini damu safi haijawa cheti cha kupona: uvimbe mdogo unaweza kunyamaza hata katika damu.

MAMBO YALIYO MIKONONI MWAKO

Ukubwa wa uvimbe huwezi kuubadilisha tena. Lakini mambo yafuatayo yako mikononi mwako na mwa watu wa nyumba yako.

Acha tumbaku, hata sasa. Wengine husema: «Ugonjwa umekwisha kuja, sigara itanifanya nini tena?» Ni kosa kubwa. Mwaka 2010 jarida la waganga wa Uingereza lilitoa hesabu ya wagonjwa waliokutwa na kansa ya pafu mapema. Kwa watu wa miaka 65, walioendelea kuvuta, 33 katika 100 wangefika miaka 5. Walioacha, 70 katika 100. Na mtu aliyepasuliwa anaweza pia kupata kansa nyingine mpya kabisa katika pafu lililobaki. Kila mwaka huwapata watu 1 au 2 katika 100. Sigara inaialika.

Usirudi kwenye vumbi bila kusema. Mweleze munganga wa kampuni na kapita wako kwamba umeondolewa pande la pafu, ili upewe kazi isiyo ya vumbi. Na wenzako waliobaki chini watoboe kwa maji, wasitoboe kavu.

Shika siku zako za kupimwa. Desturi ya waganga wengi ni kumwita mgonjwa kila miezi 6 katika miaka 2 au 3 ya kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Skana huona kansa mapema kuliko radio ya kifua. Lakini asiyeweza kulipia skana kila mara asikate tamaa akabaki nyumbani. Huko Ufaransa wagonjwa 1,775 waligawanywa makundi mawili: wengine walifuatwa kwa skana, wengine kwa kuonwa na munganga na kupigwa radio ya kifua tu. Habari zilipotolewa mwaka 2022, urefu wa maisha ya makundi hayo mawili haukutofautiana kwa jumla. Kwa hiyo radio ya kifua na munganga anayekusikiliza vizuri ni kitu cha maana. Kisicho na maana ni kutokwenda kabisa.

Tunza karatasi zako. Huenda ulipasuliwa mbali, kisha ukarudi Mumosho. Munganga atakayekuona Bukavu, awe wa Lopitali Kuu ya Jimbo au wa Panzi, hakuona uvimbe wako. Bila karatasi ya maabara na picha za zamani hawezi kujua kama doa analoliona ni kovu la kisu au ni kitu kipya. Weka karatasi zote katika mfuko wa plastiki, mahali pakavu, na bibi yako ajue zilipo.

Usichelewe ukiona dalili hizi: kikohozi kipya kinachozidi wiki 3, damu katika makohozi, kukonda bila sababu, sauti kukwaruza, pumzi kupungua, maumivu ya mfupa yasiyoisha usiku, kichwa kuuma kila siku pamoja na kutapika, au mkono na mguu kulegea.

Lakini usijihukumu mwenyewe. Katika nchi yetu, kikohozi na kukonda mara nyingi ni kifua kikuu, na mwenye vumbi la silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine. Kifua kikuu kinapona kwa dawa. Kwa hiyo makohozi yapimwe kwanza, na doa jipya kwenye picha lipimwe kabla ya mtu kuambiwa kansa imerudi. Na upande wa pili: kama umemaliza dawa za kifua kikuu na kikohozi hakiishi, mwambie munganga kwamba ulipasuliwa kansa. Usingoje akuulize.

NENO KWA AKINA MAMA NA WATOTO

Mara nyingi mgonjwa hana tatizo la kusahau siku ya kupimwa. Anaikumbuka sana, ila anaiogopa. Anasema: «Nikienda watanikuta na kitu.» Au anasema hela ya gari ni afadhali inunue unga. Mama, hapo ndipo kazi yako ilipo. Mficha maradhi kilio humfichua. Marudio yaliyokutwa mapema, yakiwa mahali pamoja, wakati mwingine hupasuliwa tena au kuchomwa kwa mionzi; yaliyoachwa hadi mtu analala chini, munganga hubaki na dawa za kutuliza maumivu. Hizo nazo ni haki ya mgonjwa, wala asinyimwe. Lakini heri kufika kabla yake.

Wala msimtazame aliyepasuliwa kama maiti inayotembea. Fundi wetu na dereva wetu wote wawili wana kazi ya kufanya, shamba la kulima, na watoto wa kulea. Kapita hagongi dari kwa sababu anataka lianguke. Anagonga ili watu washuke, wafanye kazi, na jioni wapande tena nyumbani.

TUKUMBUKE

Kidonda kupona si mwisho wa safari.
Karatasi ya maabara inasema hatari yako: iulize, ielewe, itunze.
Hesabu ni ya watu 100, si hukumu ya mtu 1.
Sigara izimwe leo.
Siku ya kupimwa ni siku ya kugonga dari: hairukwi hata kama jiwe limenyamaza.